Hulka Moja na Baba Mtukufu

Wasomaji msiwe na wasiwasi, habari hizi hazituhusu. Zilitokea mbali na kwetu, katika nchi ambayo haitatajwa jina kwa sababu wenyewe bado hawajamaliza kulibadilisha. Ni nchi njema. Ina serikali sikivu, ina barabara nzuri sana kwenye michoro, na ina wananchi wanaopiga makofi hata kabla ya kuambiwa kuna jambo gani. Huko ndiko alikoishi Chande, fundi magodoro, pamoja na mkewe Mwanaheri.

Chande alikuwa mtu mwembamba, mpole, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kabla ya wakati kwa vumbi la sufi. Kazi yake ilikuwa kuchambua sufi, kuijaza ndani ya kitambaa na kulishona godoro. Kushona godoro kunataka watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, na kati yao sindano ndefu inayopenya kutoka upande huu ikatokeza upande ule. Mwanaheri ndiye aliyekaa upande wa pili. Mungu hakuwajalia mtoto, na maneno mengi hawakuwa nayo. Sindano ilikwenda ikarudi, ikawa ndiyo mazungumzo yao. Mwanaheri akiwa amekasirika aliirudisha kwa nguvu, naye Chande akajua kwamba siku hiyo chai itakuwa chungu.

Wakaishi hivyo, mpaka Baba Mtukufu aliposafiri.

Baba Mtukufu, Rais wa nchi hiyo, alikuwa akirejea kutoka kwenye mkutano wa kujadili njaa, mkutano ambao ulikuwa umechelewa kumalizika kwa sababu ya chakula kingi. Ndani ya ndege akaokota jarida lililosahauliwa na mhudumu, na ndani ya jarida akakuta ukurasa wa maswali: Wewe ni mtu wa hulka gani? Baba akatoa kalamu yake akajibu yote. Jarida likamwambia kwamba yeye ni Nguzo, mtu wa kusimama peke yake, na kwamba ana hulka moja na wafalme walioteka mabara, na jemadari aliyechoma miji kwa uchungu wa kuipenda, na bwana mmoja aliyevumbua baruti. Baba akatabasamu. Msafara wote ukatabasamu. Hata rubani, aliyekuwa mbele na mlango umefungwa, inasemekana alitabasamu.

Kabla wiki haijaisha ikazaliwa Wizara ya Hulka na Haiba. Ikapewa jengo la Wizara ya Maji, ambalo lilikuwa limebaki tupu tangu maji yalipokatika. Waziri wake, Mheshimiwa Domokaya, akapanda jukwaani kuizindua.

“Ndugu wananchi!” akanguruma. “Kwa miaka mingi tumewatawala bila kuwajua! Majina yenu tulikuwa nayo, makosa yenu tulikuwa nayo, lakini hulka zenu mlizificha! Sasa mwisho! Serikali itamwambia kila mmoja wenu yeye ni nani, bila malipo, na yeyote atakayekataa kujijua, atajulishwa kwa nguvu!”

Makofi yakapigwa mpaka viganja vikawaka moto.

Watu wakapimwa. Kila aliyepimwa alipewa beji ya kuvaa kifuani yenye jina la hulka yake, na akaambiwa ni mtu gani mashuhuri aliyefanana naye. Muuza mayai wa sokoni akaambiwa yeye ni Kinu, hulka moja na mtaalamu wa zamani aliyepima uzito wa mwezi. Tangu siku hiyo akaacha kurudisha chenji, akisema akili kubwa haishughuliki na vitu vidogo. Waliopata Ngao walifanana na jemadari aliyeshindwa vita vyote kishujaa, kwa hiyo hospitalini hawakupewa tena dawa ya maumivu, maana jemadari hakulia. Mwizi wa kuku alipofikishwa mahakamani ikagundulika kwamba ana hulka moja na marehemu Waziri wa Hazina. Hakimu akasimama, akamwomba radhi, akamuuliza kama angependa kugombea ubunge.

Chande na Mwanaheri hawakwenda. Hawakukataa, kazi tu ilikuwa nyingi. Lakini siku moja mjumbe wa mtaa wao, Bwana Kirago, akaja mlangoni amekunja uso.

“Fundi, shemeji, mnanitia aibu,” akasema. “Mtaa mzima unajijua isipokuwa ninyi. Juzi nimeulizwa kule juu, hawa wawili ni nani? Nikakosa jibu.”

“Si uwaambie ni Chande na Mwanaheri?” akauliza Chande.

“Hayo ni majina, fundi. Jina mtu anaweza kupewa na bibi yake tu.”

Wakaenda.

Afisa mpimaji alikuwa Bi. Tausi, msichana nadhifu mwenye sauti kama ya tangazo la redio. Akaanza na Mwanaheri, na baada ya maswali akambandika beji ya Jamvi.

“Hongera, mama. Una hulka moja na malkia wa kale aliyepokea wageni kutoka pande zote za dunia.”

“Mimi nilidhani nimefanana na marehemu mama yangu,” akasema Mwanaheri.

“Mama yako alikuwa mashuhuri?”

“Pale kwetu, ndiyo.”

“Hayupo kwenye orodha,” akasema Bi. Tausi kwa upole, akamgeukia Chande. “Baba, ukiketi mahali pazuri, uko tayari kumpisha mwingine?”

Chande akafikiria kigoda chake cha kushonea. “Hapana. Mgongo unaniuma.”

“Unapenda kusikiliza maoni ya watu kuhusu kazi yako?”

“Hapana, mwanangu. Huyu anataka gumu, yule anataka laini. Ukiwasikiliza wote hakuna kitakachoshonwa.”

“Unaamini kwamba bila wewe mambo yatasimama?”

“Yatasimama, ndiyo. Mtaa mzima fundi ni mimi.”

“Unafurahi zaidi watu wakiwa wameamka, au wakiwa wamelala?”

“Wakiwa wamelala!” akasema Chande, na kwa mara ya kwanza akachangamka. “Nikijua watu wamelala fofofo, roho yangu inatulia kabisa.”

Bi. Tausi akaacha kuuliza. Akaangalia majibu, akayaangalia tena, kalamu ikamponyoka. Kisha akateremka kwenye kiti chake akapiga magoti sakafuni mbele ya fundi magodoro.

“Nguzo,” akanong’ona. “Mzee, wewe ni Nguzo.”

Habari zikafika mtaani kabla yao. Bwana Kirago, ambaye asubuhi alikuwa amewakunjia uso, sasa alikuwa amesimama wima mlangoni mwao, mkono kwenye paji la uso. Majirani walileta ndizi, kuku na malalamiko. Wazee wakamuuliza Chande maji yatarudi lini.

“Sijui,” akasema Chande.

Wakatazamana kwa mshangao. “Yeye kabisa!” akasema mmoja. “Ndivyo anavyosema Baba!” Na wakapiga makofi wakaondoka wameridhika, wakamwacha Chande katikati ya ndizi, akimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyevishwa kanzu ya mwingine.

“Kesho watasahau,” akasema Mwanaheri. “Njoo tumalizie lile godoro.”

Hawakulimaliza. Asubuhi wakaja maafisa wa Kitengo cha Ndoa na Maelewano, waungwana watupu, walibisha hodi na wakakubali chai. Wakaeleza kwamba wizara imegundua chanzo cha ugomvi wa ndani ya nyumba, nacho ni watu kuoana kwa kupendana bila kupimwa. Kuanzia sasa kila hulka itaoana na hulka inayoelewana nayo. Jamvi huelewana na Sakafu. Nguzo huelewana na Paa.

“Nguzo ikisimikwa juu ya jamvi,” akaeleza mkubwa wao, “jamvi linatoboka. Hii ni sayansi, mzee, hatukuitunga sisi.”

“Lakini sisi tumekaa miaka yote hii,” akasema Chande, “na hajatoboka.”

“Ndio maana serikali inaingilia mapema.”

Mwanaheri alikuwa amesimama na birika mkononi. Akaliweka chini polepole. “Na mimi nisipotaka?”

“Jamvi hutaka, mama,” akajibu afisa, akionyesha beji kifuani pake. “Ndiyo hulka yako. Huwezi kwenda kinyume na wewe mwenyewe.”

Wakampa nafasi ya kufunga nguo zake. Chande akawafuata maafisa uani, akawashika mikono mmoja mmoja, akawaambia kwamba hana nguvu, hana fedha, ila ana godoro zuri la sufi ambalo mteja hajalilipia. Wakamshukuru wakasema wanalala vizuri. Mlangoni Mwanaheri akageuka.

“Fundi,” akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi, “nani atakaa upande wa pili?”

Chande akafungua mdomo. Majirani walikuwa wamejaa nje, wakitarajia neno zito la Nguzo. Hakikutoka kitu. Wakapiga makofi.

Chande hakulala, hakula. Akaenda wizarani akakaa nje ya mlango wa waziri mpaka walinzi, wakiogopa kumgusa mtu mwenye hulka ya Baba, walipoamua ni salama zaidi kumwingiza.

Mheshimiwa Domokaya alipomwona alitoka nyuma ya meza, akafunga madirisha, akafunga mapazia, akazungumza kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia jukwaani.

“Ni wewe? Unajua umenifanya nini? Baba hajala tangu jana. Ameuliza inawezekanaje mjaza sufi awe yeye.”

“Mheshimiwa, mimi sitaki kuwa yeye. Nataka mke wangu.”

“Mke wako ni Paa, kwa mujibu wa sheria. Na katika nchi nzima amepatikana Paa mmoja tu.” Waziri akasogeza mdomo sikioni kwa Chande. “Mama Mtukufu. Sasa unaelewa sheria niliyoipitisha mimi inasema umwoe nani?”

Chande akaketi sakafuni bila kukusudia.

“Kuna njia,” akasema waziri, akimwinua. “Upimwe upya. Popote uliposema ndiyo, sema hapana. Kuwa chochote. Kuwa Sakafu, urudishiwe mkeo, na mimi nirudishiwe usingizi wangu.”

Katika maisha yake yote Chande hakuwahi kusema uongo ila kuhusu siku ambayo godoro litakuwa tayari. Lakini asubuhi iliyofuata alikaa mbele ya Bi. Tausi akaongopa kwa moyo wote. Je, utampisha mwingine mahali pako? Nitampisha, hata nikiwa nimechoka. Unasikiliza maoni? Nasikiliza ya kila mtu, hata ya watoto. Bila wewe mambo yatasimama? Yataendelea vizuri zaidi. Unapenda watu walale? Waamke! Waamke wote! Jasho lilimtiririka. Akilini alikuwa anauona mlango wa nyumba yake, na Mwanaheri akiingia na kifurushi chake.

Matokeo yalipotoka hakuwa Sakafu. Alikuwa Maji, hulka adimu, ya mtu asiyeshikika. Lakini Maji, kwa mujibu wa mwongozo, huelewana na hulka zote isipokuwa Moto. Bi. Tausi akamkumbatia. Chande akacheka kicheko ambacho hata yeye hakukifahamu, akatoka mbio kuelekea Nyumba ya Majamvi alikowekwa mkewe.

Alifika kwenye kona ya uwanja wa taifa akakuta watu wamejaa, na mafundi wakiibomoa nguzo kubwa iliyojengwa juzi tu kwa heshima ya Baba. Redio zote zilikuwa zimefunguliwa kwa sauti ya juu. Sauti ya Mheshimiwa Domokaya ikasema kwamba usiku kucha Baba Mtukufu alikuwa ametafakari. Kwamba hakuona vyema kubaki kwenye hulka iliyochafuliwa na mikono ya mtu mwingine. Kwamba alfajiri alipimwa upya, akageuza majibu yake yote kwa ujasiri usio na mfano. Na kwamba sasa, kwa furaha ya taifa zima, Baba ni Maji. Mahali pa nguzo itajengwa chemchemi. Itafanya kazi maji yatakaporudi.

Chande akaangalia beji iliyokuwa kifuani pake. Akaifunika kwa kiganja. Lakini Bwana Kirago, aliyekuwa pale kushangilia, alikuwa ameshaiona.

Kosa aliloshtakiwa nalo halikuwa limeandikwa popote, ikabidi liandikwe kwanza: kumfuatafuata Kiongozi wa Nchi kutoka hulka hadi hulka. Baraza la watu mashuhuri likakaa, yaani watu waliofanana na watu mashuhuri. Muuza mayai alikuwemo. Mwizi wa kuku, sasa Mheshimiwa, alikuwa mwenyekiti.

“Ulijuaje kwamba Baba atahamia kwenye Maji?” akauliza mwenyekiti.

“Sikujua.”

“Hata yeye alikuwa hajui! Kwa hiyo wewe ulijua kabla yake. Hilo ni kosa kubwa zaidi.”

Wakamwita Mwanaheri, aeleze mshtakiwa ni mtu wa aina gani. Akaingia amekonda, beji yake imepinda. Hakuliangalia baraza. Akamwangalia Chande.

“Ni mtu anayeamka akikohoa,” akasema. “Anatafuta kandambili huku amezivaa. Chai hanywi mpaka ipoe. Godoro likiwa la mgonjwa analijaza zaidi na hasemi. Nilipofiwa na mama, hakuniambia pole hata mara moja. Alikaa nami uani mpaka nikamaliza kulia, halafu akaniuliza kama nimeona uzi wake.”

Muuza mayai akajikuna shingo.

“Hiyo ni hulka gani?” akauliza mwenyekiti.

“Ni Chande,” akasema Mwanaheri.

Wakapekua mwongozo kurasa zote. Haikuwemo. Na kwa kuwa haikuwemo, baraza likatoa uamuzi kwamba mshtakiwa hana hulka. Hapo shida mpya ikazuka, maana gerezani vyumba vimegawanywa kwa hulka, na asiye na hulka hana chumba. Na huwezi kumwachia huru mtu ambaye serikali haimtambui, kwani atakuwa ameachiwa nani? Wakamweka kwenye benchi katika ukumbi wa wizara, asubiri ufafanuzi. Mwanaheri alitolewa kwa mlango mwingine. Alijaribu kugeuka, lakini aliyemshika bega alikuwa mrefu, na Chande akaona kitambaa chake cha kichwa tu.

Pale kwenye benchi Chande alikaa muda ambao hakuweza kuuhesabu. Wafanyakazi walimzoea. Walimwachia vipande vya mkate, wakamwekea makoti yao mapajani wakati wa mvua. Mwanzo alikuwa akimsimamisha kila anayepita na kumuuliza kuhusu ufafanuzi. Baadaye akawa anawasimamisha tu. Baadaye akaacha.

Kisha Baba akasafiri tena.

Safari hii alikaa mkutanoni karibu na mtaalamu wa masikio. Alirudi akiwa amejua kwamba hulka ni upuuzi wa wageni, na kwamba utu wote wa mtu uko kwenye sikio lake, ukubwa wake na mkunjo wake. Siku ile ile vibao vikang’olewa, beji zikakusanywa zikachomwa, na Mheshimiwa Domokaya akaapishwa kuwa Waziri wa Masikio. Alipokuwa akipita ukumbini na msafara wake, Chande akainuka kwenye benchi.

“Mheshimiwa, ile habari ya hulka yangu...”

“Hulka?” Waziri akawatazama wasaidizi wake. “Neno gani hilo? Katika nchi hii hakujawahi kuwa na kitu kama hicho. Mzee, nani amekuweka hapa? Nenda nyumbani kwako!”

Chande akaenda. Nyumba ilikuwa na vumbi na panya walikuwa wamehamia ndani ya sufi. Bwana Kirago akaja kumsalimia kama vile waliachana jana, akamweleza, akiangalia pembeni, kwamba shemeji aliolewa na Sakafu mmoja wa mtaa wa pili. Chande akaenda hadi ofisi ya ndoa.

“Ndoa hiyo ilifungwa kwa sheria ipi?” akauliza karani.

“Ya hulka.”

“Sheria hiyo haipo.”

“Basi na ndoa haipo,” akasema Chande, na moyo wake ukaruka.

“Ndoa ipo, mzee, watu wanaishi pamoja. Sheria ndiyo haipo. Na ili tuivunje tunahitaji sheria iliyoifunga.” Karani alikuwa mtu mwema, macho yake yalionyesha kwamba anaona ugumu. “Ukimchukua hivi hivi utakuwa umeiba mke wa mtu. Mjumbe wako atalazimika kutoa taarifa, na mtafungwa wote watatu, wewe, mama, na mumewe kwa uzembe.”

Chande akatembea mpaka mtaa wa pili akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamume mfupi mwenye uso wa huruma. Ndauka, fundi saa. Alimtazama Chande, akatazama vumbi jeupe kwenye nyusi zake, akajua.

“Karibu, kaka,” akasema. “Nilikuwa nikikutarajia. Usinichukie, tafadhali. Mimi nami nilikuwa na mke wangu, Rukia. Amepewa mtu wa Ngao huko bara. Tuliandika barua. Barua hazijibiwi.”

Ndani Mwanaheri alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alipomwona Chande alisimama, akakaa tena, kama mtu asiyejua ni lipi analoruhusiwa. Ndauka akasema ataenda kuchota maji, akakumbuka hakuna maji, akabaki amesimama na ndoo.

“Umekonda,” akasema Mwanaheri.

“Na wewe.”

“Bwana Ndauka ni mtu mzuri. Analala kule jikoni. Ninamwombea na yeye, nikikuombea wewe.”

Chande alitaka kumwambia njoo twende. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini aliona jela ya watu watatu nyuma ya maneno yale, akamwona huyu bwana mwenye ndoo, na akashindwa. Wakaketi wote watatu. Mwanaheri akamimina chai kwa maji ya akiba. Ndauka akakiacha kikombe chake bila kunywa, kwa kumwonea haya mgeni, na mgeni akaacha chake kwa kumstahi mwenyeji. Nje watoto walikuwa wakiimba wimbo mpya wa taifa wa masikio.

“Labda safari nyingine,” akasema Ndauka mwishowe, “Baba atakaa karibu na mtu wa ndoa.”

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Kirago amevaa sare mpya, mkononi ana rula ya chuma, na nyuma yake Bi. Tausi, aliyeinamisha uso.

“Samahani kwa usumbufu,” akasema Bwana Kirago. “Mtaa huu nao ni wangu siku hizi. Ni zoezi la kawaida, haliumi. Nani ataanza?”

Watu wale watatu wakatazamana. Kisha Mwanaheri akalegeza kitambaa chake cha kichwa, Ndauka akaweka ndoo chini, Chande akajipangusa shavu kwa mkono wa shati, na wote wakageuzia nyuso zao ukutani, bega kwa bega, wakatulia ili wapimwe.